Mwani wa Zanzibar: Kutoka Joto la Maji hadi Mapato ya Mkulima

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje, Jambiani na Bwejuu, na katika fukwe nyingi za Pemba, mwani ni zao ambalo kwa zaidi ya miaka 30 limewapa wanawake fedha zao wenyewe. Wakulima wa mwani Zanzibar hukadiriwa kuwa zaidi ya 20,000, na takriban wanane katika kila kumi ni wanawake. Malalamiko yao yamekuwa yale yale kwa muda mrefu: kazi ni nzito, bei ni ndogo, na mara nyingi zao hufa baharini kabla ya kuvunwa. Wataalamu wamelieleza tatizo hili kila mmoja kwa upande wake. Mwanabiolojia huzungumzia joto la maji, mwanakemia huzungumzia aina ya jeli, mwanauchumi huzungumzia soko. Kila mmoja husema kweli, lakini maelezo yao hayasomwi pamoja, na kijiji huletewa dawa ya ugonjwa ambao si wake. Makala hii itaziunganisha kauli hizo hatua kwa hatua, tukianzia mwanzo kabisa. Msomaji hahitaji elimu yoyote ya awali. Anahitaji subira na hesabu ya kuzidisha.

Tuanze na mwani wenyewe. Mwani ni kiumbe wa baharini anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama ifanyavyo mimea ya nchi kavu. Kitendo hicho huitwa usanisinuru: kiumbe huchukua maji, kaboni iliyoyeyuka ndani ya maji hayo na nishati ya mwanga, kisha hutengeneza sukari. Lakini mwani hauna mizizi ya kufyonza, hauna shina la kupitishia maji, wala hauna jani kwa maana halisi ya jani. Mwili wake wote hufyonza virutubisho moja kwa moja kutoka katika maji yanayoupitia. Hapo yanafuata mambo mawili ambayo msomaji ayashike, kwa kuwa yote yajayo yanayategemea. La kwanza, mwani hauhitaji udongo. Ukifungwa kwenye kamba ndani ya maji yanayotembea, utakua. La pili, mwani hauna pa kukimbilia joto. Mti ukipigwa na jua, mizizi yake imo katika udongo ulio baridi zaidi. Mwani wote umo katika maji yale yale, na joto la maji ndilo joto la mwili wake.

Jambo la kwanza ndilo lililowezesha kilimo. Kipande kilichokatwa kutoka katika mwani mkubwa huendelea kukua na kuwa mwani kamili. Wakulima hukiita kipande hicho mbegu, na hapa neno mbegu litatumika kwa maana hiyo. Mkulima hupigilia vijiti katika mchanga wa bahari, hukaza kamba kati ya kijiti na kijiti, kisha hufunga mbegu mojamoja kwenye kamba kwa uzi mwembamba uitwao taitai. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hutenga mbegu za kupanda tena, na mwani uliobaki huuanika.

Kabla ya kilimo hiki, mwani uliojiotea wenyewe katika pwani ya Tanzania ulikuwa ukikusanywa na kusafirishwa nje kwa miongo kadhaa. Mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Keto Mshigeni, aliuchunguza mwani huo kuanzia miaka ya 1970 na kutetea kwamba unaweza kulimwa, kama ulivyokuwa umeanza kulimwa Ufilipino. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Mwanzoni wanaume walishiriki pia. Bei ilipoonekana kuwa ndogo, wengi wao walirudi kwenye uvuvi au wakaenda kwenye kazi za utalii, na wanawake wakabaki na mashamba.

Ili kuielewa kazi ya wanawake hao ni lazima kuelewa maji kupwa na maji kujaa. Mwezi huvuta maji ya bahari kwa nguvu yake ya mvutano, na jua nalo huvuta, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, dunia, mwezi na jua hukaa karibu katika mstari mmoja, na mivuto miwili husaidiana. Maji hujaa sana na hupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua, na huja kila baada ya siku 14 au 15. Katikati yake mivuto hupishana, maji hayajai sana wala hayapwi sana, na wavuvi husema ni maji mafu. Katika bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa pwani ya Zanzibar huzidi mita 3. Shamba la mwani lililofunikwa na kina kirefu asubuhi na mapema linaweza kubaki na maji ya magotini saa chache baadaye. Ndizo siku ambazo mkulima anaweza kutembea hadi shambani kwake.

Kuna jambo jingine hapa ambalo halitajwi vya kutosha. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mwezi hupita utosini, au upande wa pili wa dunia, karibu na saa sita mchana na saa sita usiku. Maji hayajai papo hapo. Kila pwani ina ucheleweshaji wake, kutegemea umbo la bahari yake. Zanzibar ucheleweshaji huo ni wa saa nne hivi. Kwa hiyo katika bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa kabisa saa sita baadaye, yaani mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na tena usiku. Hali hii haibadiliki mwaka hadi mwaka. Maana yake ni kwamba siku ambazo maji ni haba kuliko siku zote ndizo pia siku ambazo uhaba huo huangukia wakati jua linapanda kuelekea utosini. Mwanamke aliyeinama shambani na mwani aliouinamia hupigwa na jua lile lile katika saa zile zile.

Sasa tuipime athari ya jua hilo kwa hesabu. Nishati hupimwa kwa kipimo kiitwacho juli, na juli 1,000 ni kilojuli moja. Kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi huhitaji kilojuli 4.2 hivi. Jua kali la tropiki karibu na adhuhuri linaweza kuyapa maji takriban juli 800 kwa kila sekunde katika kila mita moja ya mraba. Kwa saa mbili, ambazo ni sekunde 7,200, hiyo ni kilojuli 5,760. Chukua mita moja ya mraba yenye maji ya kina cha sentimita 30. Hayo ni lita 300, yaani takriban kilo 300, na kuyapandisha nyuzi moja kunahitaji kilojuli 1,260. Gawanya 5,760 kwa 1,260: maji yatapanda zaidi ya nyuzi 4. Sasa chukua mita ile ile ya mraba mahali penye kina cha mita 3. Maji ni mara kumi, na jua ni lile lile. Joto litapanda chini ya nusu nyuzi. Hesabu hii imeacha kando upepo na mvuke, ambavyo hupunguza joto kidogo, lakini haidanganyi kuhusu jambo kuu: kina kifupi ndicho kinachoyageuza maji ya kawaida kuwa maji ya moto. Ikiwa bahari ilianza siku ikiwa na nyuzi 30, shamba la kina kifupi linaweza kufika nyuzi 34 kabla ya adhuhuri.

Mwani unaolimwa Zanzibar hustawi vizuri zaidi kati ya nyuzi 25 na 30 hivi. Zaidi ya hapo, kazi za ndani ya seli huanza kwenda kombo. Kazi hizo hufanywa na protini maalumu ziitwazo vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina umbo lake linalokiwezesha kushika kile kinachokihusu. Joto likizidi, umbo hulegea na kazi hupungua. Mwani huendelea kutumia sukari lakini hautengenezi ya kutosha. Ukikaa hivyo siku kadhaa, sehemu za mwili wake hupoteza rangi na kuwa nyeupe, bakteria ambao siku zote wapo baharini hupata njia ya kuingia, na tawi hulainika na kukatika. Asubuhi mkulima hukuta taitai zimebaki kwenye kamba bila mwani. Wako wanaodhani kwamba ugonjwa huu umeletwa na mtu au na dawa iliyomwagwa baharini. Wanasayansi wengi wanaouchunguza wanaona kwamba chanzo ni mwani uliochoshwa na joto, na pia na mabadiliko ya ghafla ya chumvi wakati wa mvua kubwa. Bakteria hufuata baadaye.

Joto la bahari yenyewe nalo linapanda. Hewa ya kaboni inayotokana na uchomaji wa mafuta na makaa ya mawe huzuia joto la dunia lisitoke kwa urahisi, na sehemu kubwa ya joto hilo huishia baharini. Bahari ya Hindi ya Magharibi imeonyesha dalili zake wazi: mwaka 1998 na tena mwaka 2016, matumbawe ya Zanzibar yalipauka kwa wingi kutokana na joto. Nyuzi moja iliyoongezeka katika bahari kuu huongezwa juu ya zile nyuzi 4 za shamba la kina kifupi, na ndiyo inayoweza kuuvusha mwani mpaka wa uhai wake.

Hata kabla mwani haujafa, joto huwa limekwisha kumdhulumu mkulima. Hili ndilo kiini cha makala, na inafaa kulifuata kwa utulivu. Mwani hukua kwa asilimia ya uzito wake. Mwani wa gramu 100 unaokua kwa asilimia 5 kwa siku huongeza gramu 5 siku ya kwanza; siku ya pili huongeza asilimia 5 ya 105, ambayo ni gramu 5.25; na kuendelea hivyo, kila siku ikijengwa juu ya uzito wa jana. Baada ya siku 45 gramu 100 huwa karibu gramu 900. Tuseme sasa joto limepunguza ukuaji kutoka asilimia 5 hadi asilimia 2 kwa siku. Mtu anaweza kudhani kwamba mavuno yatakuwa sehemu mbili katika tano za yale ya kwanza, yaani gramu 360. Sivyo. Baada ya siku 45, gramu 100 zitakuwa gramu 244 tu.

Hesabu haijaisha, kwa sababu mkulima hawezi kuuza mwani wote. Gramu 100 lazima zirudi kwenye kamba kuwa mbegu. Katika hali ya kwanza anabaki na gramu 800 za kuuza; katika hali ya pili anabaki na gramu 144. Chukua kamba yenye mbegu 25. Hali ya kwanza inatoa kilo 20 za mwani mbichi wa kuuza, na ya pili inatoa kilo 3.6. Sehemu kubwa ya uzito wa mwani mbichi ni maji, na huhitajika takriban kilo 8 mbichi kupata kilo moja kavu. Kwa hiyo kamba ya kwanza ni kilo mbili na nusu za mwani mkavu, na ya pili haifiki hata nusu kilo. Kazi ya kupigilia vijiti, kufunga taitai 25, kuondoa magugu ya baharini na kuubeba mwani hadi nchi kavu ni karibu ile ile kwa kamba zote mbili. Tukichukua kwa mfano tu bei ya shilingi 800 kwa kilo, kamba moja imelipa shilingi 2,000 na nyingine imelipa shilingi 360. Bei haikubadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni joto.

Ndiyo maana inasikitisha kusikia mkulima wa mwani akiitwa mvivu anapoacha shamba. Malipo ya saa moja ya kazi yake yamepungua zaidi ya mara tano bila yeye kupunguza juhudi, na hakuna kitabu kijijini kinachomwonyesha hivyo. Yeye huona tu kwamba gunia halijai.

Joto humfikia mkulima kwa njia nyingine pia, na hapa inabidi tuingie katika kemia kidogo. Kinachonunuliwa katika mwani huu ni kitu kilicho ndani ya kuta za seli zake kiitwacho karajinani. Ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo galaktosi, uliobeba vikundi vya salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni. Mnyororo huo ukichanganywa na maji ya moto kisha ukapozwa, hutengeneza jeli. Viwanda huutumia katika dawa za meno, vyakula vya maziwa, nyama za kopo na vipodozi, ili vitu hivyo vishikamane na visitengane.

Zanzibar hulima aina mbili za mwani. Ya kwanza kwa jina la kisayansi ni Eucheuma denticulatum, ambayo wakulima huijua kwa jina la spinosamu. Ya pili ni Kappaphycus alvarezii, ijulikanayo kama kotonii. Karajinani ya kotonii ina kikundi kimoja cha salfeti kwa kila jozi ya sukari. Ile ya spinosamu ina viwili. Vikundi vya salfeti husukumana, kwa kuwa vyote vina chaji ya umeme ya namna moja. Pale vilipo vichache, minyororo hukaribiana na kushikana kwa nguvu, nayo jeli huwa ngumu. Pale vilipo vingi, jeli huwa laini. Viwanda huhitaji zaidi jeli ngumu, hivyo kotonii mara nyingi huuzwa kwa bei iliyo karibu maradufu ya spinosamu au zaidi.

Kwa bahati mbaya, kotonii ndiyo isiyovumilia joto. Katika mashamba mengi ya kina kifupi, hasa Unguja, imekufa mara kwa mara hadi wakulima wakaacha kuipanda. Imeendelea kwa kiasi fulani Pemba. Spinosamu ni ngumu zaidi, ndiyo maana sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar ni spinosamu. Kwa hiyo joto humpunguzia mkulima uzito wa mavuno, kisha humlazimisha kulima aina yenye bei ya chini. Mwanauchumi anayeiona bei ndogo na kumlaumu mnunuzi peke yake ameanza hesabu katikati.

Kuna udhaifu wa tatu, ambao haukuletwa na joto lakini huliongezea nguvu. Mbegu ya mwani, kama tulivyoona, ni kipande cha mwani mwingine. Kipande kina vinasaba, yaani maelekezo ya urithi, vile vile vya mwani uliokizaa. Hakuna baba wala mama wa kuchanganya. Viumbe wanaozaana kwa kuchanganya vinasaba hutoa watoto wanaotofautiana, na joto likija wapo watakaokufa na wapo watakaopona. Mwani uliokatwakatwa kutoka katika asili moja kwa miaka 30 ni kama kiumbe mmoja aliyetandazwa kwenye maelfu ya kamba: kinachoushinda mmoja huushinda wote. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mwani unaolimwa Zanzibar una asili ya Asia ya Kusini Mashariki na una tofauti ndogo sana ndani yake, ilhali katika pwani ile ile upo mwani wa asili ya Afrika Mashariki unaojiotea, wenye vinasaba tofauti. Hazina hiyo imekaa karibu na mashamba. Kuichunguza, kuzalisha mbegu mpya kutoka kwayo na kuzigawa kwa wakulima ni kazi ya miaka mingi ya maabara, na inastahili bajeti ya kudumu kuliko inavyostahili semina.

Sasa tunaweza kulitazama soko kwa macho yaliyofunguka. Bei ya bidhaa hutokana na mapatano, na nguvu ya mtu katika mapatano hutegemea kitu kimoja: je, anaweza kukataa na kuondoka? Mnunuzi wa mwani anaweza. Mwani mwingi zaidi duniani wa aina hizi hutoka Indonesia na Ufilipino, na kiwanda cha ng'ambo kikikosa mwani wa Zanzibar kitaupata kwingine. Mkulima mara nyingi hawezi. Kwa miaka mingi kampuni zimewapa wakulima kamba na taitai kwa makubaliano kwamba wataziuzia kampuni hizo mavuno. Mpango huo uliwasaidia wengi kuanza bila mtaji, na si haki kuusahau upande huo. Lakini uliwafunga pia kwa mnunuzi mmoja katika kijiji, na mahali penye mnunuzi mmoja bei hutajwa, haijadiliwi.

Hata hivyo mwani una sifa moja inayoweza kumsaidia mkulima. Ukikauka vizuri, hukaa miezi mingi bila kuharibika. Anayeweza kungoja anaweza kukataa. Lakini kungoja kunahitaji mahali pakavu pa kuhifadhi, kwa kuwa chumvi iliyomo katika mwani huvuta unyevu wa hewa, na kunahitaji fedha nyingine ya kununulia unga wakati wa kungoja. Ghala la pamoja la kijiji likiambatana na kikundi cha kuweka na kukopa hutatua yote mawili. Chanja za kuanikia nazo zina faida inayoonekana mara moja: mwani ulioanikwa mchangani hubeba mchanga, na mnunuzi hukata bei kwa sababu hiyo, ilhali ulioanikwa juu ya chanja hukauka upesi na hubaki safi. Gharama yake ni miti na nyavu kuukuu.

Kusindika kijijini kumezungumzwa sana. Vikundi vya wanawake Zanzibar hutengeneza sabuni za mwani, mafuta ya kujipaka na unga wa kutia katika vyakula, na kwa kilo chache za mwani hupata fedha zinazozidi mara kadhaa thamani ya mwani mkavu. Dakta Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, amelisukuma jambo hili tangu ulipoanzishwa mwaka 2006 mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali. Kazi hiyo imewapa wanawake wengi ujuzi na heshima. Lakini tani zinazovunwa Zanzibar kwa mwaka huhesabiwa kwa maelfu, na soko la sabuni linaweza kumeza sehemu ndogo tu ya mzigo huo. Sabuni humwinua mwanachama wa kikundi. Haipandishi bei ya mwani wa kisiwa kizima. Kiwanda cha kusindika kinaweza kufanya hivyo, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeuweka mwani katika mipango yake ya uchumi wa buluu, yaani uchumi unaotegemea bahari. Ila kiwanda kinahitaji umeme, maji mengi yasiyo ya chumvi, na zaidi ya yote mwani wa kutosha kila mwezi. Mashamba yakiendelea kufa kwa joto, mitambo itakaa bure.

Tunarudi basi kwenye ile hesabu ya kina. Ikiwa mita 3 za maji hupanda chini ya nusu nyuzi pale ambapo sentimita 30 hupanda nyuzi 4, njia iliyo wazi ni kulihamishia shamba kwenye maji ya kina zaidi. Dakta Msuya na wenzake wamefanya majaribio hayo kwa kamba zinazoelea na kwa neti ndefu zenye umbo la bomba, ambazo huufunika mwani usikatike na kupotea, na wameonyesha kwamba kotonii inaweza kulimwa humo. Kwa upande wa biolojia, jibu limepatikana. Ugumu uliobaki ni wa kijamii. Shamba la kina kifupi huendewa kwa miguu. Shamba la kina huendewa kwa boti. Boti ina gharama, na katika vijiji vingi wanaomiliki boti na wanaojua kuziendesha ni wanaume. Wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Mavazi ya kazi, mawazo ya jamii kuhusu mwanamke baharini, watoto waliobaki nyumbani, yote haya huamua nani atapanda boti hiyo.

Matokeo yanaweza kutabiriwa. Teknolojia ya kina ikiletwa peke yake, mwani wenye bei nzuri utahamia kwa wenye boti, na mwanamke atabaki na spinosamu katika maji ya moto, au ataajiriwa kufunga taitai kwa ujira wa siku. Katika baadhi ya vijiji vya Zanzibar wanawake wamefundishwa kuogelea na kutumia boti kama sehemu ya kilimo hiki, na wameweza. Kwa hiyo hoja kwamba hawawezi haina msingi.

Ofisa, mfadhili au diwani anayetaka kuleta mradi wa mwani katika shehia yake aanze kwa kipimajoto kimoja, akitumbukize shambani mnamo saa tano asubuhi ya bamvua, kwa miezi kadhaa. Joto likibaki chini ya nyuzi 31, fedha ziende kwenye chanja, ghala na mapatano ya bei. Likizidi nyuzi 33 mara kwa mara, chanja na ghala hazitaokoa zao. Shamba lazima lihame. Na mradi wa kuhamisha shamba usiotenga fedha za boti za wanawake na mafunzo ya kuogelea urudishwe kwa aliyeuandika, akaupange upya.